Hamisi Hakuanguka

Mwezi uliopita tulimzika Bi Mwanaidi, na nilicheka msibani mpaka ikabidi nitoke uani kujifuta machozi. Sikuwa peke yangu. Tulijazana chumbani, wanawake wa mtaa wa Ipuli na wengine waliotoka mbali, tumenyoosha miguu juu ya mikeka, na kila mmoja alikuwa na kisa chake cha marehemu. Mmoja alieleza jinsi alivyomnyang'anya mganga wa zahanati kijiko na kumfundisha namna ya kumnywesha mtoto dawa bila kumliza. Mwingine alisimulia jinsi alivyobishana na mkuu wa stesheni mpaka treni ikachelewa kuondoka, na mkuu wa stesheni ndiye aliyeishia kuomba radhi. Ndipo mjukuu wake mmoja akanigeukia. "Na wewe, bibi Aginesi? Si ulikaa naye nyumba moja mwaka ule wa kesi?" Mwaka ule hausimuliki kwa dakika tano huku sinia la wali linapita. Nimezeeka sasa, nimefanya kazi katika miji minne na kustaafu, lakini nikiulizwa ni lini nilipoanza kuwa mtu mzima, jibu langu ni mwaka ule, nikiwa na miaka ishirini, katika chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama jiko la Bi Mwanaidi.

Nilifika Tabora kuanza kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Ulikuwa mwaka wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa; malori yalipita yamebeba vitanda, mitungi, kuku na mabibi waliokaa juu ya magunia wakitazama walikotoka. Ofisini tulipiga chapa mpaka vidole vikauma. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, misumari mitatu ya kutundikia nguo, na meza ya miguu mitatu iliyoegemezwa ukutani ili isianguke. Siku ya kwanza mwenye nyumba alisimama mlangoni, mwanamke mfupi, mnene, wa miaka kama hamsini, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, unga wa ngano umemkauka viganjani. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akasema. "Unakula nini?" Nikajibu nakula kila kitu. "Mtu anayekula kila kitu hajafundishwa kula. Wewe ni wa kanisa gani?" Nikamwambia sisi ni Wamoravian. "Basi nguruwe usilete humu ndani. Mengine tutaelewana." Na tulielewana. Asubuhi alinipa chai ya tangawizi na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na jioni kisamvu cha karanga kizito kiasi kwamba ugali ulikuwa kama wa kusindikizia tu. Aliuza maandazi barazani kwake, na barazani pale ndipo habari zote za Ipuli zilipopita kabla hazijafika kwingine.

Kuta za nyumba ile hazikufika juu kabisa, kwa hiyo sauti za chumba kimoja ziliruka na kushuka chumba cha pili. Jumapili yangu ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, nilijilaza, nikamsikia akizungumza na mtu. "Afande, shikamoo," alisema. Akanyamaza. "Hapana, huyu ni mdogo kwangu. Afande, habari za kazi. Nimekuja kwa habari ya mdogo wangu Hamisi. Mdogo wangu hakuanguka." Kimya tena. "Usiseme kwa hasira, Mwanaidi. Ukikasirika wanakuletea maji ya kunywa na kukuaga." Nikachungulia. Alikuwa peke yake, amesimama mbele ya kiti kitupu alichokivisha koti kuukuu, akizungumza nacho kwa heshima zote. Aliponiona hakuona haya. "Keshokutwa ni... hapana, kesho ni Jumatatu," akasema. "Kila Jumatatu nakwenda kituoni. Leo hiki kiti ndiye inspekta mpya. Nasikia ni mtaratibu. Kaa pale uwe karani wake, unifanyie dharau kidogo nizoee." Nikakaa, nikamfanyia dharau. Akasema sijui kudharau watu, nikajifunze kwanza kazini.

Siku zilizofuata, tukichambua mchele au kumenya karanga, alinipa habari nzima vipande vipande. Hamisi alikuwa mdogo wake wa mwisho, fundi baiskeli. Hakuwa fundi wa kungojea watu chini ya kibanda; alifunga spana na viraka vyake nyuma ya baiskeli yake mwenyewe, akazunguka vijijini, Goweko na kwingineko, kufuata wenye baiskeli walikokuwa. Alikuwa na kicheko kilichotangulia kufika kuliko yeye. Alijua kila baiskeli ya mji huu kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake. Wiki moja kabla ya kufa alimwambia dada yake, "Nimeiona baiskeli ya mwalimu Petro, ile iliyoibwa. Iko Goweko, imepakwa rangi ya kijani. Anaipanda Kasuka." Kasuka alikuwa mkulima wa tumbaku, mtu wa sauti kubwa ambaye wenzake walimwogopa. "Nitamwambia tu airudishe," alisema Hamisi, "wala sitaki makelele." Akaondoka na maandazi sita ndani ya kitambaa. Walimkuta kando ya njia, kichwa kimepasuka, baiskeli yake imelala karibu. Askari mmoja wa wakati ule akaandika kwamba marehemu alianguka kutoka kwenye baiskeli akagonga jiwe, na habari ikaishia hapo.

"Niliitazama baiskeli yake mwenyewe," Bi Mwanaidi aliniambia. "Usukani umenyooka. Kioo kizima. Hata rangi haijachubuka. Fundi baiskeli, Aginesi! Mtu aliyekuwa anaendesha huku ameachia mikono, anamenya chungwa! Kufa amekufa, Mungu ndiye anayejua siku zetu. Lakini wamemwandika kwamba hakujua kupanda baiskeli!" Alisema hivyo na mimi nikaanza kucheka kabla sijajizuia, nikataka kujificha. Yeye akanitazama, kisha akacheka pia. Nadhani siku hiyo ndipo nilipoelewa namna alivyoweza kuishi miaka sita na jambo lile. Hakuwa amelia akamaliza, wala hakuwa amesahau. Alikuwa amemweka Hamisi nyumbani akiwa mzima, na vichekesho vyake vyote, akawa anamtetea kama vile yuko chumba cha pili anasikiliza.

Alikwisha kwenda Goweko mara nyingi. Kasuka alimpokea kwa pole nyingi na kiti cha kukalia, na baiskeli ya kijani haikuonekana popote. Watu wengine walimpa maji, wakampa na viazi vya kubeba. Mtu mmoja tu ndiye aliyemfungia mlango, mwanamke anayeitwa Nyamizi, mke wa Maganga, ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ile njia. Hamisi alizoea kupumzika na kula kwao. "Sasa niambie," alisema Bi Mwanaidi, "mtu amfungie mlango mfiwa kwa nini? Mwenye kunichukia angenitukana. Yule ananiogopa. Ameona kitu." Na mwaka huo, alipokwenda tena, alikuta Goweko ya mashambani imehamwa. Nyumba ya Nyamizi ilikuwa kuta tupu bila paa. Hakuna aliyejua kwa hakika lori lake lilikokwenda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Bi Mwanaidi amekata tamaa. Alikaa jikoni, akaacha maandazi yaungue, na Ipuli nzima ikashangaa kwa sababu haijawahi kutokea.

Mimi nilijua pa kutafuta, na hilo ndilo lililoniondolea amani. Orodha za watu waliohamishwa zilipita mezani kwangu kila siku: jina la baba, jina la mama, watoto wangapi, wametoka wapi, wamepelekwa wapi. Siku ya kwanza ya kazi karani mkuu, mzee mwembamba aliyevaa tai hata siku za joto kali, alitusimamisha wasichana watatu na kutuambia, "Kinachopita kwenye mashine kinaishia kwenye mashine." Niliamini kwamba nikitoa neno moja nje nitafukuzwa, na labda nishtakiwe. Kwa siku nne nilikula kisamvu cha yule mama nikiwa sitazami uso wake. Siku ya tano, baina ya karatasi za kaboni, nilimkuta: Maganga, mke Nyamizi, watoto wanne, kutoka Goweko, kwenda kijiji kipya upande wa Tura. Sikunakili. Nililisoma jina la kijiji mara tatu, nikaenda nalo nyumbani kichwani kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Bi Mwanaidi alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia. Akaweka ungo chini polepole, akaniuliza, "Watakufukuza?" Nikasema sijui. "Wakikufukuza," akasema, "utakula hapa mpaka mmoja wetu afe." Kisha akaanza kukata vitunguu vya pilau, kwa sababu haendi kwa watu mikono mitupu.

Jumamosi tulipanda treni ya asubuhi, yeye amepakata sufuria la pilau lililofungwa kwa kanga, na behewa zima likawa linatutazama sisi na sufuria letu. Kufika Igalula alikwisha gawa vijiko vitatu kwa watoto wa watu, akajua majina yao. Tulipopita Goweko aligeukia dirisha la upande wa pili mpaka stesheni ikapita. Kutoka Tura tulitembea kwa miguu, sehemu tukifuata ile njia ya zamani ya misafara, ambayo babu yake Bi Mwanaidi aliipita akiwa mpagazi, mzigo begani, toka Unyanyembe mpaka pwani na kurudi. "Babu alibeba pembe, mimi nabeba pilau," alisema, akanipita kwa mwendo, na unene wake wote. Kijiji kilikuwa kipya kabisa: mistari ya nyumba zilizokuwa bado miti na kamba, udongo mwekundu umelimbikwa tayari kwa kukandika. Tuliulizia kwa Maganga, tukaoneshwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyekuwa anachota udongo kwa mikono. Alipomwona Bi Mwanaidi alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Alitupa macho huku na huku akitafuta mlango wa kufunga. Nyumba yake haikuwa na mlango bado.

"Mwangaluka, mayu," Bi Mwanaidi alimwamkia kwa Kinyamwezi, akimwita mama. Kisha hakuuliza kitu. Alifungua kanga, akaweka sufuria juu ya mafiga, akakunja mikono ya gauni, akaanza kukandika ukuta. Nami nikafanya hivyo hivyo, kwa gauni langu la ofisini. Tulikandika upande mzima. Tulikula, watoto wakagombea vipande vya nyama, Maganga akarudi kutoka shamba la kijiji akakuta wageni wenye udongo mpaka viwiko, akala naye. Tulipomaliza kunawa, Nyamizi akasema, akimtazama Bi Mwanaidi kwa mara ya kwanza, "Hamisi naye alikuwa anapenda kunifanyia kazi kabla hajala."

"Mama Shija," Maganga akamkatiza mkewe kwa upole. "Tumehama. Tulihama tusahau."

"Umehama wewe," alijibu Nyamizi. "Mimi nimekuja na kicheko chake masikioni." Kisha akasema yote, huku anakunjakunja pindo la kanga. Alikuwa anachuma uyoga kando ya njia, mtoto mgongoni. Aliwaona Hamisi na Kasuka wamesimama. Hamisi alikuwa anacheka. "Alimwambia, 'Mrudishie mwalimu baiskeli yake, ndugu yangu, mimi nitasema nimeiokota.' Halafu akainama kujaza upepo kwenye gurudumu lake. Akampa mgongo, dada! Mtu hampi mgongo mtu anayemwogopa. Kasuka akampiga kwa mpini wa jembe." Akaliachia pindo la kanga. "Akageuka akaniona. Akaniuliza, 'Umeona nini?' Nikasema sijaona. Akasema, 'Endelea hivyo hivyo.' Miaka sita, kila asubuhi, akipita mlangoni kwangu ananisalimia, 'Hujambo, mama asiyeona?' Wewe ulipokuja, alikuwa amekaa pale mvuleni anatazama kama nitafungua mlango. Sasa yeye wamempeleka kijiji kingine, mbali. Huu ni mwezi wa tatu sijasalimiwa naye. Nimeanza kulala."

Bi Mwanaidi hakulia. Alimshika mkono wenye udongo, akauliza jambo ambalo mimi nisingelifikiria. "Na baiskeli ya kijani?" Nyamizi akaelekeza kwa kidevu upande wa magharibi, tulikotoka. "Aliitupa kwenye kisima chetu cha zamani, kile kilichokauka. Akakijaza mawe na matawi."

Jumatatu hiyo niliomba ruhusa ya nusu siku, nikamsindikiza kituoni. Inspekta mpya alikuwa mtaratibu kweli, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Bi Mwanaidi, aliyejizoeza miaka sita, alisahau hotuba yake yote. "Afande," alisema, "kachimbe kisima." Na wakachimba. Goweko ilikuwa tupu, hapakuwa na mtu wa kuzuia wala wa kuonya. Walitoa mawe, wakatoa matawi, wakatoa baiskeli yenye kutu na rangi ya kijani iliyobanduka, na chini yake nyeusi. Pedali moja ilikuwa ya mti wa mninga. Hamisi ndiye aliyeichonga, wakati pedali za dukani zilipoadimika, na mwalimu Petro alikuwa ametaniwa mji mzima kwa pedali ile kama ya cherehani. Alipooneshwa kituoni aliishika kwa mikono miwili. "Hii ni yangu," alisema, "na hii ni kazi ya Hamisi." Kasuka alikamatwa wiki ile ile.

Kisha karani mkuu akaniita. Nilikwenda nimefunga vitu vyangu vya mezani tayari katika mfuko. Nikakiri kila kitu kabla hajaniuliza, nikiwa nimesimama wima, machozi yananitoka. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa tai yake. "Majina yale," alisema, "tumeyabandika ukutani hapo nje tangu juzi. Kila mtu anasoma." Nikatazama dirishani. Kweli, watu walikuwa wamejaa mbele ya ubao wakitafuta ndugu zao. "Lakini ulipoyatoa yalikuwa bado ndani," akaendelea, "kwa hiyo nakuonya, na hilo ni onyo kali. Sasa mwambie Bi Mwanaidi maandazi ya asubuhi aniwekee manne, si mawili." Nilitoka pale nikarudisha vitu vyangu mezani. Hata hivyo nimeendelea kujiuliza, miaka yote hii, ningefanyaje kama ningejua kwa hakika kwamba nitafukuzwa. Napenda kuamini kwamba ningelisema lile jina siku ile ile. Lakini nilikaa siku nne kimya hata kabla ya kuliona, nikiogopa kulitafuta, na hizo siku nne sijazisahau.

Kesi ilisikilizwa mwishoni mwa mwaka. Nyamizi alifikia kwetu, akalala chumbani kwangu, na kwa siku tatu hakuna aliyepata nafasi ya kuwa na huzuni kwa vile jikoni kulivyojaa watu. Mahakamani aliulizwa na wakili kwa nini alinyamaza miaka sita. "Nilikuwa jirani yake," alijibu, na mmoja wa wazee wa baraza akatikisa kichwa kama aliyemwelewa vizuri sana. Kasuka alisema hakukusudia, hasira ilimpanda. Jaji aliamua kwamba aliua bila kukusudia, akampa kifungo cha miaka mingi. Nyuma yetu watu wakanung'unika kwamba kidogo. Bi Mwanaidi hakusikia habari ya miaka. Alikuwa ameinama mbele, mkono umeniganda begani, anangojea maneno mengine. Na jaji akayasoma, kwa sauti kavu kama anasoma bei ya mbolea: kwamba marehemu hakuanguka kutoka kwenye baiskeli, bali alipigwa kichwani akiwa ameinama. "Ahsante!" Bi Mwanaidi akasema kwa sauti iliyojaa chumba kizima. Karani wa mahakama akamnyamazisha. Akasema ahsante tena, polepole, kwa karani.

Nje jua lilikuwa kali. Watu walitupa mikono, walitukumbatia, mwalimu Petro alikuwa anataka tupigwe picha. Nikamtafuta Bi Mwanaidi, nikamwona amesimama mbali, anatazama benchi la ukutani. Pale alikuwa ameketi bibi kizee mmoja, miguu mitupu yenye vumbi, mkoba wa ukindu mapajani. Watu walimpitia mbali. Bi Mwanaidi alimwendea, akachuchumaa mbele yake, wakazungumza kwa Kinyamwezi. Kisha akamwinua kwa mkono, akaja naye tulipo. "Treni yake ni ya jioni," alisema. "Hajala tangu jana." Mimi nilijua ni nani, maana pua na paji la uso vilikuwa vile vile vya Kasuka, na damu ilinichemka. Nikamvuta pembeni nikamwambia, "Bi, leo? Leo kweli?" Akanitazama kama siku ile ya kwanza mlangoni. "Aginesi, kwani yeye ndiye aliyeshika mpini?"

Tulikula uani, juu ya mkeka mmoja: Nyamizi, mimi, Bi Mwanaidi na yule bibi. Wali, kuku wa mchuzi, mchicha. Bibi kizee alinawa, akachukua tonge, akalishika hewani. "Mimi ndiye mama yake," alisema kwa Kiswahili cha shida, kama vile alihofu hatujajua na tutakuja kumlaumu baadaye kwa kutudanganya.

"Najua, mayu. Kula," alisema Bi Mwanaidi.

Akala. Alitafuna taratibu sana, akameza, akatazama sinia, akatutazama sisi mmoja mmoja. Nikadhani atalia. "Hakuna chumvi," akasema.

Bi Mwanaidi akaonja. Nyamizi akaonja. Nami nikaonja. Kweli, hapakuwa na chembe ya chumvi katika wali, wala katika kuku, wala mchicha. Mpishi aliyelisha nusu ya Ipuli alikuwa amepika asubuhi ile akili iko mahakamani. Bi Mwanaidi akaanza kutikisika mabega. Niliinuka nimshike nikidhani ndicho kilio cha miaka sita kimefika, lakini ilikuwa kicheko, kile kikubwa cha tumboni, mpaka akaegemea ukuta na kanga ikamdondoka kichwani. Yule bibi alimtazama kwa mashaka, kisha ufizi wake mtupu ukaonekana. "Nenda kalete chumvi, Aginesi," Bi Mwanaidi akasema alipopata pumzi, "mgeni asile hivi." Nikaenda jikoni, nikaleta kibuyu cha chumvi, nikampa yule bibi kwanza.